Vioo Viwili Havizuii Jua la Saa Kumi

Ukipita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi jijini Dar es Salaam, au ukipanda Upper Hill kule Nairobi, utaona jengo jipya la ofisi limevikwa kioo kuanzia ghorofa ya kwanza hadi paa. Hilo si jipya. Jipya ni maneno ya tangazo. Zamani mwenye jengo alijisifia mandhari ya bahari, lifti na maegesho; siku hizi anasema jengo lake linabana matumizi ya umeme, na ushahidi anaoutoa ni madirisha ya vioo viwili yaliyoagizwa nje. Wapangaji wanaamini, wanunuzi wa apatimenti wanaamini, na hata baadhi yetu tunaoandika habari za ujenzi tunayanakili maneno hayo bila kuuliza swali. Msimamo wangu ni kwamba kwa ukanda wetu wa pwani sifa hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Vioo viwili vilibuniwa kuzuia joto lisitoke ndani wakati wa baridi. Shida yetu ni jua linaloingia, na jua hupita kwenye vioo viwili vyeupe karibu kama linavyopita kwenye kimoja. Asiyetofautisha mambo haya mawili atalipa bei ya Ulaya halafu abaki na bili ya umeme inayokaribia ileile.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana ndipo mjadala unapopotea. Joto hupita dirishani kwa njia mbili. Ya kwanza hutokana na tofauti ya joto kati ya nje na ndani, na hupimwa kwa kipimo kinachoitwa U: ni wati ngapi zinapita katika mita moja ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kioo kimoja cha milimita 6 kina U ya karibu 5.8. Vioo viwili vilivyoachiwa nafasi ya hewa katikati huishusha hadi 2.8 hivi. Ukipaka utando maalumu na kujaza gesi ya argoni badala ya hewa, unafika 1.6 au hata 1.1. Wajerumani walikwenda mbali zaidi: nyumba za kwanza za mfumo wa Passivhaus, yaani nyumba zinazohitaji hita kidogo mno, zilizojengwa Darmstadt na kukaliwa kuanzia 1991 chini ya mwanafizikia Wolfgang Feist, zilitumia vioo vitatu, na mfumo huo leo unataka dirisha zima, kioo na fremu, lisizidi 0.8. Wajapani nao waliingiza sokoni mwaka 1997 kioo cha ombwe, kilichotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, ambacho vipande vyake viwili vimetenganishwa na nafasi ya milimita 0.2 tu iliyonyonywa hewa yote. Ni kazi za kuvutia kweli. Lakini fikiria zilikozaliwa. Usiku wa Januari nje ni nyuzi 5 chini ya sifuri, ndani ni 20; tofauti ni nyuzi 25, na kila mita ya mraba ya kioo kimoja inapoteza wati 145, mchana na usiku, kwa miezi. Vioo viwili vinaikata hasara hiyo hadi 70. Zaidi ya hapo, Mjerumani wa Januari analitaka jua liingie. Kwake ni heri ya bure.

Sasa hamisha dirisha hilohilo lije Dar es Salaam, alasiri ya Februari. Nje ni nyuzi 32, ndani kiyoyozi kimewekwa 24. Tofauti ni nyuzi 8. Kioo kimoja kinapitisha wati 46 kwa mita ya mraba kwa njia hii ya kwanza, viwili vinapitisha 22. Umeokoa wati 24. Njia ya pili ni jua lenyewe, na hapa ndipo mzigo ulipo. Siku isiyo na mawingu, ukuta unaotazama magharibi unapokea kama wati 600 kwa kila mita ya mraba inapofika saa kumi. Kioo cheupe kimoja kinaruhusu asilimia 82 ya joto hilo kuingia, yaani wati 490 na ushee. Vioo viwili vyeupe vinaruhusu karibu asilimia 70, yaani wati 420. Ukijumlisha njia zote mbili, kioo kimoja kimekuletea takribani wati 538 na vioo viwili 442. Umepunguza chini ya moja ya tano. Vioo viwili vya kukinga jua vyenye utando wa fedha, ambavyo vinaruhusu asilimia 26 tu, vinakuletea jumla ya wati 169 hivi. Vioo viwili vyeupe na vioo viwili vya kukinga jua vinafanana ukivitazama ukiwa barabarani, vinauzwa kwa jina moja, na kimoja kinapitisha joto zaidi ya mara mbili na nusu ya kingine.

Hii si nadharia yangu. Singapore, ambayo iko karibu na Ikweta kama sisi na ina unyevu wa baharini kama wa Dar na Mombasa, ilianza kuweka kikomo cha joto linalopita kwenye kuta na madirisha ya majengo yenye viyoyozi mwaka 1979, na fomula ya kukokotoa joto hilo, inayojulikana kwa kifupi cha ETTV, ikafuata mwaka 2004. Kikomo kilichowekwa nayo kilikuwa wastani wa wati 50 kwa kila mita ya mraba ya ukuta wa nje, kioo na tofali kwa pamoja. Ninachowaomba wasomaji wakitazame ni uzito ambao fomula hiyo inaupa kila jambo. U ya kioo inazidishwa kwa 3.4. Kipimo cha kivuli cha kioo, yaani kiasi cha joto la jua kinachopita kikilinganishwa na kioo cheupe cha milimita 3, kinazidishwa kwa 211. Kwa hiyo ukitoka kioo kimoja kwenda viwili, U inashuka kutoka 5.8 hadi 2.8 na unaokoa wati 10 kwa kila mita ya kioo. Ukishusha kipimo cha kivuli kutoka 0.95 hadi 0.30, unaokoa 137. Waliotunga kanuni hii walikuwa na hali ya hewa inayofanana na ya kwetu, na hawakuiacha U nje. Waliipa tu nafasi inayostahili katika nchi ambayo usiku wake kwa kawaida haushuki chini ya nyuzi 20.

Nimeipitisha fomula hiyo kwenye jengo la kufikirika la aina tunayoijenga: asilimia 80 ya uso wake ni kioo, na asilimia 20 ni ukuta wa tofali za saruji uliopigwa lipu, kwa wastani wa pande zote. Kwa kioo cheupe kimoja linatoa wati 182. Kwa vioo viwili vyeupe, vile vya kwenye matangazo, linatoa 150, mara tatu ya kikomo. Kwa vioo viwili vya kukinga jua vya kiwango cha juu, vyenye utando na argoni, linatoa 61. Bado limefeli. Kisha nikachukua jengo la pili, la kawaida kabisa: madirisha asilimia 30 ya uso, kioo kimoja cha tinti ambacho fundi alumini yeyote wa mtaani anacho, na vivuli vya zege vilivyotokeza nje vinavyokata nusu ya jua. Likatoa 49. Limepita. Jengo lenye kioo cha bei ndogo limelishinda lenye kioo cha kisasa kwa sababu msanifu wake aliuliza kwanza kioo kiwe kingi kiasi gani na kitazame wapi. Ukubwa wa dirisha na kivuli chake vinaamua mengi kabla hata jina la kioo halijatajwa.

Mwelekeo wa jengo una ushauri wake pia, na jiografia imetuhurumia hapa. Dar iko nyuzi karibu 7 kusini mwa Ikweta. Adhuhuri ya Juni jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 60 juu ya upeo. Desemba liko kusini, juu zaidi. Jua lililo juu hivyo linakingwa kirahisi: kibao cha zege kilichotokeza sentimita 80 juu ya dirisha la kaskazini kinafunika karibu mita 1.4 ya kioo. Magharibi ni habari nyingine. Ikifika saa kumi na moja jua limeshuka hadi nyuzi 20 hivi, linapita chini ya kibao na kuingia hadi mezani. Huko kinachosaidia ni mapezi ya wima, au matofali ya matundu, au kuweka ngazi, vyoo na stoo upande huo na kuacha madirisha yawe machache. Lakini kiwanja chetu cha mjini mara nyingi ni chembamba na kinatazama barabara, na barabara ikiwa magharibi basi uso wa kioo unakwenda magharibi, kwa sababu uso wa jengo ndio unaouza.

Niliwahi kwenda kufuatilia malipo katika ofisi moja ya upande huo, ghorofa ya saba. Dirisha lilikuwa la sakafu hadi dari. Wafanyakazi walikuwa wamebandika maboksi ya karatasi za A4 kwa selotepu juu ya kioo, urefu wa mtu aliyeketi, na taa zote zilikuwa zimewashwa saa tisa mchana. Kiyoyozi kilisoma 18. Dada wa mapokezi alikuwa amejitanda kanga kwa baridi. Mhasibu aliyekaa hatua nne kutoka kwake, karibu na kioo, alikuwa anajipepea na faili. Wote wawili walikuwa sahihi. Kioo cha tinti kinazuia jua kwa kulinyonya, kwa hiyo chenyewe kinapata moto, na joto lake linamfikia aliye karibu hata kama hewa ya chumbani imepoa. Kipima joto cha ukutani hakimwoni mhasibu.

Hapo inafika hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, ingawa inasikika mara nyingi zaidi: kwamba kioo kikiwa cheusi au cha bluu kinachong'aa, basi joto limezuiwa. Rangi haisemi kitu. Karibu nusu ya nguvu ya jua imo katika mionzi isiyoonekana kwa macho. Tinti ya kawaida inakunyima mwanga unaouhitaji na kuachia sehemu kubwa ya mionzi hiyo, na ndiyo maana taa zinawashwa mchana, nazo taa zinaongeza joto lao. Kioo cha kuakisi kinafanya kazi zaidi, lakini joto linaloakisiwa lazima litue mahali, na mara nyingi linatua kwenye jengo la jirani au kwa muuza maji wa chini. Mwaka 2013 jengo la 20 Fenchurch Street mjini London, ambalo uso wake umebonyea kwa ndani, lilikusanya jua hadi likayeyusha sehemu za gari lililoegeshwa barabarani, na mwaka uliofuata likafungwa vikinga jua. London, jamani, wala si Pangani.

Utando wa fedha ni jambo tofauti kabisa, na ndiyo maendeleo halisi ya teknolojia hii kwa nchi za joto. Tabaka za fedha nyembamba mno, nanomita kama kumi kila moja, zinapakwa kwenye kioo ndani ya mtambo wa ombwe. Tabaka mbili au tatu zikipangwa vizuri, mwanga unaoonekana unapita na mionzi ya joto isiyoonekana inarudishwa. Chumba kinakuwa cheupe bila kuwa cha moto. Tatizo ni kwamba utando wa aina hii upo wa matoleo mawili yenye makusudi yanayopingana: mmoja umetengenezwa kuruhusu jua liingie na joto la hita lisitoke, kwa ajili ya nchi za baridi, mwingine umetengenezwa kulikataa jua. Muuzaji wa ng'ambo akiulizwa kama kioo chake kina utando, atajibu ndiyo, na hatakuwa amedanganya. Lipo pia suala la upande. Utando wa kukinga jua unatakiwa ukae kwenye kioo cha nje, uso wake wa ndani, ukitazama nafasi ya hewa, ili joto kinalolinyonya kioo hicho liishie nje. Pakiti ikigeuzwa wakati wa kufunga, hakuna atakayeona kwa macho. Kuna njia rahisi ya kukagua: washa kiberiti cha gesi mbele ya dirisha. Vioo viwili vina nyuso nne, kwa hiyo utaona miali minne ikijirudia. Mmoja ukiwa na rangi tofauti na mingine, huo ndio uso wenye utando, na mpangilio wake unakuambia uko wapi. Yote minne ikifanana, umenunua vioo viwili vitupu.

Wanaotetea vioo viwili wana mambo yao ya kweli, na sitaki kuyapita. Kelele ni la kwanza: anayekaa Kariakoo au pembeni mwa Barabara ya Morogoro anajua thamani ya dirisha linalonyamazisha honi, ingawa kwa hilo kioo cha kubandikwa tabaka nacho kinafaa. La pili ni ukungu. Wakati wa masika hewa ya pwani ina unyevu mwingi kiasi kwamba kioo kimoja kilichopoozwa na kiyoyozi kinatoka jasho upande wa nje, maji yanachuruzika kwenye fremu na rangi inabambuka. Vioo viwili vinalimaliza tatizo hilo. La tatu ni mahali. Maskati, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, kiangazi kinafika nyuzi 45. Tofauti na ndani inazidi 20, na hapo U inaanza kudai heshima yake pamoja na kinga ya jua. Njombe au Makete mwezi Julai, mwenye nyumba angekuwa na sababu ya kuviota vioo viwili kama Mjerumani. Ugomvi wangu na watangazaji ungekwisha kama wangesema kioo chao ni cha wapi na cha kazi gani. Na hata hapo wangepaswa kuongeza habari ya fremu: alumini inapitisha joto upesi mno, na fremu isiyo na kikatizo cha plastiki katikati inakuwa daraja la joto linalokupotezea sehemu kubwa ya ulichokilipia kwenye kioo.

Upande wa pili wapo wanaosema tuachane na kioo turudi kwenye nyumba ya Mji Mkongwe: kuta nene za mawe ya matumbawe, madirisha ya luva, baraza. Nawaelewa, na kwa nyumba ya kuishi wana hoja nzito. Lakini ofisi yenye watu arobaini na kompyuta arobaini inazalisha joto lake yenyewe, na upepo wa kusi haufiki kila kiwanja cha Posta. Kinachowezekana kinategemea mji. Nairobi, iliyo mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, haina sababu ya kuiga Dubai: jengo la Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri Machi 2011, makao ya UNEP na UN-Habitat, lilisanifiwa lipate hewa kwa madirisha yanayofunguka na kwa ua wa katikati unaovuta hewa ya joto kwenda juu, huku paneli za sola zikiwa juu ya paa. Hewa ya Nairobi inatosha. Kinachohitajika ni kutoiziba kwa ukuta wa kioo usiofunguka na kisha kuinunua upya kwa umeme.

Imezuka hoja nyingine tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha: kwamba megawati 2,115 zimetuondoa kwenye shida ya umeme, kwa hiyo habari ya vioo ni anasa ya wataalamu. Umeme wa kutosha ni faraja, lakini haushushi bei ya uniti kwa mpangaji. Anayechagua kioo ni mwenye jengo. Anayenunua Luku ni mpangaji. Mwenye jengo akiokoa kwenye kioo, hasara inahamia kwa mtu ambaye hakuwepo kwenye kikao, na ataibeba kwa miaka thelathini ya uhai wa jengo. Hata kwa mwenye jengo hesabu ni mbaya kuliko anavyodhani. Chukua mita za mraba 100 za kioo cha magharibi. Tofauti ya wati 369 kati ya kioo cheupe kimoja na kioo cha kukinga jua ni karibu kilowati 37 za joto, sawa na viyoyozi kumi vya BTU 12,000. Viyoyozi hivyo vinanunuliwa, vinafungwa, vinahitaji nyaya nene zaidi na jenereta kubwa zaidi, na vinabadilishwa baada ya miaka kadhaa kwa sababu chumvi ya bahari inakula vifaa vyake vya nje. Makadirio ya gharama hayaoni uhusiano huo, kwa kuwa kioo kiko ukurasa mmoja na viyoyozi viko ukurasa mwingine, na bajeti ikizidi, vya kwanza kukatwa ni vivuli vya nje, vinavyohesabiwa kama urembo.

Kanuni zingeweza kulirekebisha hili kwa lugha fupi kuliko watu wanavyodhani. Kenya imeshaachana na kanuni zake za ujenzi za 1968, na zile za 2024 zilianza kutumika Machi 2025. Mlango wa kuweka kikomo cha namba umefunguka. Kwa Tanzania kuna jambo la ziada. Septemba 2023 Rais Samia alizindua kiwanda cha vioo cha Sapphire kule Mkuranga, chenye uwezo wa tani 700 kwa siku, na hivyo kioo bapa si lazima tena kije kwa meli. Kikomo cha joto kwa majengo ya pwani kingekipa kiwanda kama hicho sababu ya kibiashara ya kuwekeza kwenye mitambo ya kupaka utando wa kukinga jua, kwa soko la Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar kwa pamoja. Bila kikomo, mteja ataendelea kununua rangi.

Wakati tukisubiri, mpangaji ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kusaini mkataba: asilimia ya joto la jua inayopitishwa na kioo, kiasi cha ukuta wa magharibi kilicho kioo, na kama kuna dirisha hata moja linalofunguka. La kwanza limo kwenye karatasi ya kiwanda inayokuja na kila shehena. Dalali akisema hana, mpangaji amwombe fundi aliyekifunga kioo. Mawili mengine yanaonekana kwa kusimama ng'ambo ya barabara saa kumi jioni.